Sigara ya Betri: Tuipime Kabla ya Kutoa Fedha

 

Mwezi huu nilikusudia kuandika juu ya lishe ya mtoto anayeachishwa ziwa. Nimeiahirisha kwa sababu ya swali nililoulizwa hapa Nyamongo, ambalo naamini linawahusu wengi wenu hata kama hamjalitamka kwa sauti.

Jumapili moja baada ya ibada, mama mmoja wa kikundi chetu alinivuta kando. Mumewe anafanya kazi kwenye karasha, mashine ile ya kusaga mawe ya dhahabu. Miaka miwili iliyopita aliugua kifua kikuu, akameza dawa miezi sita bila kukosa, akapona. Lakini sigara hakuiacha. Anavuta kumi kwa siku. Sasa rafiki yake amemletea kutoka ng'ambo ya mpaka wa Sirari sigara ya betri, ile ambayo vijana huiita vepu. Ni ya bei nafuu kuliko nyingine za aina yake, na ina pete ya kuzungusha ili kuongeza au kupunguza nguvu ya umeme. Bei ni shilingi 45,000. Baba watoto amesema akiipata ataacha sigara kabisa, na amemwomba mkewe fedha kutoka kwenye gawio lake la vicoba. Fedha hizo mama alikuwa amezitenga kwa ajili ya sare na madaftari ya binti yao anayeingia kidato cha kwanza.

"Sista," akaniambia, "nikimnyima atasema sitaki apone. Nikimpa, si nitakuwa nimemnunulia moshi kwa mkono wangu mwenyewe?"

Jibu la kwanza lililonijia ulimini lilikuwa: mnyime. Lakini nilikumbuka jambo moja la zamani, nikajizuia. Nilipokuwa muuguzi kijana wodini, nilimkuta mgonjwa wa kifua ameficha sigara chini ya godoro. Nikamkemea mbele ya wenzake mpaka akainamisha kichwa. Nilijiona nimefanya kazi ya Mungu. Aliporuhusiwa kwenda nyumbani hakurudi kliniki kuchukua dawa, na sikumwona tena. Tangu siku hiyo najua kwamba ukali hauondoi nikotini katika damu ya mtu, ila unaweza kumwondoa mtu mlangoni pa hospitali.

Kwa hiyo nikamwambia yule mama, "Usitoe fedha, wala usimkatalie. Mwombe rafiki yake akiazime kwa wiki moja tukipime kwanza." Haya ndiyo tuliyoyaona.

Kifaa chenyewe

Sigara ya betri ilibuniwa nchini China mwaka 2003 na mfamasia aitwaye Hon Lik, mvutaji wa sigara, ambaye baba yake alikufa kwa saratani ya mapafu. Sehemu zake kubwa ni nne: betri, waya mwembamba uliozungushwa kama chemchemi ambao mafundi huuita koili, pamba inayonyonya maji, na tangi dogo la maji hayo. Ukibonyeza kitufe, betri huupasha waya moto, maji yaliyo katika pamba hugeuka mvuke, nawe unauvuta.

Maji hayo si maji ya kisima. Ni mchanganyiko wa gliserini na propilini glaikoli, manukato ya matunda au mnanaa, na mara nyingi nikotini, yaani ile ile dawa iliyomo katika tumbaku inayomfanya mtu ashindwe kuacha.

Tofauti yake na sigara ya kawaida ni kwamba hapa hakuna jani linaloungua. Kwa hiyo hakuna lami ya tumbaku, wala ile hewa ya sumu ya kaboni monoksidi, ambayo ni sawa na ile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa ndani. Kwa mtu mzima anayevuta sigara, kuhamia kabisa kwenye kifaa hiki kunampunguzia sumu nyingi. Ni lazima niseme hivyo kwa sababu ndiyo kweli. Lakini kupunguziwa sumu si sawa na kuwa salama, na kwa asiyevuta hakuna faida hata moja.

Mapafu ya Nyamongo

Wataalamu wengi wanaoandika juu ya vifaa hivi wako miji ya mbali, na wanawafikiria watu wanaofanya kazi ofisini. Sisi tunaishi kwenye machimbo. Mgodi mkubwa wa North Mara ulianza uzalishaji mwaka 2002, lakini kando yake wapo ndugu zetu wengi wanaochimba na kusaga mawe kwa njia zao ndogo. Mawe yenye dhahabu huwa na madini ya silika, na yanaposagwa makavu vumbi lake laini huingia mpaka mwisho wa pafu na kulitia makovu. Ugonjwa huo huitwa silikosisi, na hauna dawa ya kuuponya. Mtu mwenye vumbi hilo kifuani hupata kifua kikuu kwa urahisi zaidi kuliko mwingine. Shirika la Afya Duniani nalo linasema kuvuta tumbaku huongeza hatari ya kuugua kifua kikuu mara mbili hadi mara mbili na nusu.

Hesabuni basi, akina mama: vumbi, kovu la kifua kikuu, na sigara kumi kwa siku. Kwa baba wa namna hii kuacha sigara si suala la adabu. Ni suala la kama atamwona binti yake akimaliza shule. Ndiyo maana sikuweza kumjibu mkewe kwa neno moja.

Pete ile na volti zake

Muuzaji alikisifu kifaa kwa sababu ya pete. "Ukitaka moshi mwingi unazungusha tu," alisema. Nami naona hapo ndipo mnunuzi anapopaswa kuwa macho kuliko mahali pengine pote.

Wengi wetu tumelelewa kwa mwanga wa taa ya chemli. Ukiupandisha utambi kiasi, mwanga unatulia. Ukiupandisha kupita kiasi, taa haiongezi mwanga wa maana, bali inatoa masizi na kioo kinakuwa cheusi. Volti ni kama utambi ule. Ukiongeza volti, waya unakuwa moto zaidi. Pamba ikishindwa kunyonya maji kwa haraka ya kutosha, maji na pamba huanza kuungua, na vitu vipya vyenye sumu huzaliwa ndani ya mvuke.

Na nguvu hiyo hupanda haraka kuliko tarakimu za pete zinavyoonyesha. Kifaa chetu kiliandikwa volti 3.3 mpaka 4.8, na koili yake omu 1.8. Kanuni ya mafundi ni kuzidisha volti kwa volti, kisha kugawanya kwa omu. Kwenye 3.3 unapata wati 6. Kwenye 4.8 unapata wati karibu 13. Pete imezungushwa kidogo tu, lakini moto umezidi maradufu.

Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Portland State nchini Marekani walichapisha matokeo ya kupima mvuke wa kifaa cha pete kama hicho. Kwenye volti 3.3 hawakuona dalili ya fomaldehaidi. Kwenye volti 5 waliiona, tena nyingi. Fomaldehaidi ndiyo iliyomo katika fomalini, dawa tunayoijua sana sisi wa hospitali, kwa kuwa ndiyo inayohifadhi maiti. Nayo inahesabiwa miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani. Wataalamu wengine walipinga wakasema hakuna mvutaji atakayestahimili kifaa kilichopashwa moto hivyo, kwa maana ladha ya kuungua itamkera akiache. Huenda ni kweli kwa kifaa kizuri na mvutaji aliyezoea. Lakini mtu anayejifunza, aliyenunua kitu cha bei rahisi na kuambiwa kwamba moshi mwingi ndio ubora, atazungusha pete mpaka mwisho.

Basi, mtu akikuambia kifaa chake ni bora kwa sababu kinatoa moshi mwingi, jua kwamba amekisifu kwa lile lile linalopasa kukutia shaka.

Jinsi tulivyokipima

Tulikwenda sokoni kwa kijana fundi simu, ambaye pia huimba kwaya yetu. Yeye alipima umeme, mimi nikaangalia mengine. Haya ndiyo mambo matano tuliyoyapima, nanyi mnaweza kuyafuata.

Kwanza, je, pete inasema kweli? Fundi alizungusha pete hadi 3.3, akabonyeza kitufe, akagusisha mita yake. Ikasoma 3.9. Akajaribu tena, ikasoma vile vile. Maana yake hata aliyekusudia kutumia kiasi cha chini angekuwa amepandishiwa utambi bila kujua. Kama huna fundi wa kukupimia, pete hiyo ni pambo tu.

Pili, je, koili inapatikana na kubadilishwa? Koili huchakaa, nayo ikichakaa hutoa ladha ya kuungua. Kifaa ambacho koili zake haziuzwi hapa wala Tarime kitatumika kikiwa kimeungua, kwa sababu mwenye nacho ameshatoa fedha na hatakubali kukitupa. Chetu kilikuja na koili moja tu.

Tatu, betri na chaja. Betri hizi ni za lithiamu, ndugu wa zile za simu, na zikiharibika huvimba, hushika moto au hulipuka. Tazama kama ganda limebonyea au limefumuka, na kama kitufe kinaweza kufungwa kisijibonyeze chenyewe mfukoni. Uliza chaja yake mwenyewe. Chetu hakikuwa na chaja. Muuzaji alisema, "Tumia yoyote ya simu." Kwa umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo, ushauri huo sikuupenda hata kidogo. Kifaa cha namna hii kisichajiwe usiku watu wamelala, wala juu ya kitanda, wala kisiwekwe mfuko mmoja na sarafu na funguo.

Nne, chupa ya maji. Chupa halali huandikwa aliyeitengeneza, vilivyomo, tarehe ya mwisho ya matumizi, na kiasi cha nikotini kwa miligramu katika kila mililita. Katika nchi za Umoja wa Ulaya sheria hairuhusu kuzidi miligramu 20 kwa mililita. Chupa yetu ilikuwa na picha ya embe na neno moja la Kiingereza. Hakukuwa na kingine. Mwaka 2019 nchini Marekani yalizuka maradhi makali ya mapafu kwa watumiaji wa vifaa hivi. Hadi Februari 2020 zaidi ya watu 2,800 walikuwa wamelazwa au kufariki, na vifo vilivyothibitishwa vilikuwa 68. Uchunguzi ulielekeza zaidi kwenye maji yenye dawa ya bangi yaliyouzwa kwa njia za panya, ambayo yalikuwa yamechanganywa na mafuta ya vitamini E. Funzo lake ni kwamba yanayoingia kwenye pafu lazima uyajue.

Tano, ukiharibikiwa utamwendea nani? Kitu kilichopita mpaka ndani ya begi hakina risiti wala dhamana. Majirani zetu wa Uganda walikwisha kuvipiga marufuku vifaa hivi kwa sheria yao ya tumbaku ya mwaka 2015, hivyo mtu asidhani kwamba kwa kuwa kinauzwa mpakani basi kinakubalika kila mahali.

Katika mambo matano, kifaa chetu kilishindwa yote.

Kuketi na kuhesabu gharama

Bwana Yesu aliwafundisha makutano habari za mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye hana budi kuketi kwanza na kuhesabu kama anazo fedha za kuumalizia. Tuliketi na mama yule, tukachukua kalamu.

Shilingi 45,000 ni msingi tu wa mnara. Juu yake kuna chupa za maji kila mwezi, koili, na betri itakapochoka. Upande wa pili tukaandika gharama ya sigara. Tukichukua shilingi 200 kwa moja, sigara kumi ni shilingi 2,000 kwa siku, yaani shilingi 60,000 kwa mwezi. Mama aliitazama tarakimu ile kwa muda. Hakuwahi kuijumlisha. "Kumbe sare ya mtoto inavutwa kila mwezi," akasema taratibu.

Kwa karatasi kifaa kinaonekana nafuu, lakini kwa sharti moja: sigara zikome. Wengi hawaachi. Hutumia kifaa nyumbani na sigara kazini, na hapo unalipia vyote viwili huku kifua kikiendelea kupokea lami. Hasara hii ndiyo ninayoiogopa kuliko zote.

Je, kinasaidia kuacha?

Nitawapa kipimo kinachojulikana. Mwaka 2019 Uingereza walichapisha utafiti wa watu 886 waliotaka kuacha sigara. Nusu walipewa sigara ya betri, nusu walipewa dawa za nikotini kama vibandiko na ubani. Baada ya mwaka mmoja, walioacha kwa kifaa walikuwa 18 katika kila 100, na walioacha kwa dawa walikuwa 10 katika kila 100. Basi kifaa kilisaidia zaidi. Utafiti mwingine uliofuata umeelekea upande huo huo.

Lakini someni upande wa pili wa karatasi. Watu 82 katika 100 hawakuacha. Katika wale walioacha sigara kwa kifaa, wanne kati ya watano walikuwa bado wanavuta kifaa chenyewe mwaka ulipokwisha. Na wote walipewa mshauri wa kukutana naye kila wiki kwa mwezi mzima. Muuzaji wetu wa mpakani hauzi mshauri. Shirika la Afya Duniani, kwa kuona jinsi vijana wasiovuta wanavyonaswa na manukato ya matunda, lilizitaka serikali mwezi Desemba 2023 kuchukua hatua za haraka kuvidhibiti vifaa hivi.

Mtoto na chupa yenye picha ya embe

Hapa naomba hata asiyekuwa na mvutaji nyumbani asome. Mama zetu waliochuma tumbaku mbichi yenye umande wanajua kizunguzungu na kutapika kunakowapata jioni. Nikotini ilikuwa imepita kwenye ngozi ya mikono. Sasa fikirini nikotini hiyo imekamuliwa ndani ya kichupa kidogo, ikatiwa harufu ya embe, ikaachwa dirishani. Kijiko kimoja cha chai cha maji yenye nguvu kinaweza kumuua mtoto mdogo. Desemba 2014 mtoto wa mwaka mmoja alikufa hivyo katika mji wa Fort Plain, jimbo la New York, na Januari 2016 Marekani ikaweka sheria ya kulazimisha vifuniko ambavyo mtoto hawezi kuvifungua.

Mtoto akimeza au akimwagikiwa, dalili ni kutapika, kutoka mate mengi, kupauka, jasho, kisha kulegea au degedege. Muoshe ngozi kwa maji mengi na sabuni. Usimlazimishe kutapika, wala usimpe maziwa au mafuta kama dawa. Mpeleke kituo cha afya upesi, na chupa uichukue. Mama mjamzito na anayenyonyesha asitumie kifaa hiki, kwa maana nikotini humfikia mtoto.

Nilivyomjibu

Nilikaa na wote wawili nyumbani kwao. Nilimweleza baba mbele ya mkewe, kwa heshima, kwamba nia yake ya kuacha ni njema na mkewe anaiheshimu. Kilichokataliwa ni kifaa hiki, kwa sababu pete yake inasema uongo na chupa yake haijulikani. Nikamwambia pia kwamba kama atashindwa njia nyingine zote na kuamua kununua, basi anunue chenye chaja yake, koili zake na chupa iliyoandikwa. Aanze kwenye volti ya chini kabisa, aache mara asikiapo ladha ya kuungua, asivute sigara hata moja juu yake, na aweke tarehe ya kukiacha hicho nacho.

Kisha tukapanga la kufanya bila kununua kitu. Achague siku. Siku tatu za kwanza ndizo ngumu kuliko zote. Hamu ikija haikai sana, dakika chache tu, basi anywe maji, atafune karanga, atembee, aombe. Wenzake wa karasha waambiwe wasimpe. Mama asimkaripie akiwa na hasira wiki hizo, maana ni nikotini inayotoka. Vibandiko na ubani wa nikotini vimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2009. Hapa kwetu si rahisi kuvipata, lakini akienda mjini aulize famasia. Kwenye karasha avae kinga ya pua na wayanyunyizie mawe maji kabla ya kusaga. Na kwa kuwa aliwahi kuugua, kikohozi kikifika wiki mbili asingoje, apimwe makohozi. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure.

Alinyamaza kwa muda, kisha akauliza, "Na nikianguka, Sista?" Nikamjibu, "Njoo uniambie, hutakemewa." Moyoni nilikuwa nikimkumbuka yule mgonjwa wa godoro.

Kifaa kilirudishwa. Rafiki alikasirika kidogo, ikapita. Hivi ninavyoandika, baba yule ametimiza wiki ya 11. Ameanguka mara mbili, na mara zote mbili amekuja mwenyewe kunieleza. Binti amekwenda shule na sare mpya. Nilipokutana na mama sokoni nikamuuliza habari za nyumbani, akacheka akasema, "Sista, siku hizi baba watoto ananukia sabuni."

Akina mama, kabla ya kutoa fedha za nyumba kwa kitu kinachoahidi uponyaji, kiazimeni, kipimeni, mwulizeni anayejua. Na mumeo akikuambia anataka kuacha sigara, usimcheke wala usimhubirie. Pengine amelisema neno hilo kwa shida kuliko unavyodhani.

Kama kuna swali, andikeni kwa mhariri, nami nitajibu kadiri Mungu atakavyonijalia. Lishe ya mtoto anayeachishwa ziwa itafuata mwezi ujao. Bwana awalinde ninyi na nyumba zenu.